Maharagwe hayana chumvi

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni neno gani ulilolikuta ugenini likakufuata hadi nyumbani?" Langu ni zariko. Mnivumilie kidogo, maana halikuja peke yake. Lilikuja na sufuria, na kodiani, na ajuza mmoja ambaye ameshatangulia mbele ya haki na sitamtaja jina.

Kwa miaka saba nilikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee karibu na Lafayette, kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani. Kati ya wazee niliowahudumia alikuwapo huyo mama, Mzungu wa miaka themanini na kitu, ambaye sote tulimwita Maw-Maw kama watu wa huko wanavyowaita mashosho wao. Akili ilikuwa imeanza kumtoka, na Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka.

Jumatatu huko ni siku ya wali na maharagwe mekundu. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na maharagwe ndiyo chakula kinachokubali kuachwa jikoni kijichemkie huku mwenyewe yuko kwenye beseni. Basi Jumatatu moja nikampelekea Maw-Maw sahani yake. Akaonja kijiko kimoja, akaisukuma, akasema maneno ambayo sikuyaelewa. Nikamwambia anieleze tena. Akarudia kwa sauti kubwa, kwa hasira ya mtu aliyekwisha kueleweka maishani mwake.

Nikamwita mzee wa usafi, Mkreoli mweusi wa upande wa Opelousas. Alicheka mpaka akaegemea ufagio. "Anasema maharagwe hayana chumvi."

Na kweli hayakuwa nayo. Daktari alikuwa amemkataza kwa sababu ya presha.

"Lakini unajua," mzee akaendelea, "hilo ndilo jina la muziki wetu." Kwa Kifaransa chao huandikwa les haricots sont pas salés. Maneno mawili ya mwanzo mtu huyatamka kwa pumzi moja, lezariko, na hiyo zariko ikazunguka midomoni mwa watu mpaka ikawa zaideko, muziki wa kodiani wa Wakreoli weusi. Maharagwe hukosa chumvi pale ambapo hakuna kipande cha nyama iliyokaushwa kwa chumvi cha kutupia sufuriani. Mtu akikujibu hivyo ameshakueleza hali ya nyumbani kwake, na huna haja ya kumuuliza la pili.

Mfalme wa muziki huo alikuwa Clifton Chenier, aliyezaliwa karibu na Opelousas mwaka 1925. Alichukua muziki wa dansi za majumbani, akautia bluzi, akaupigia kodiani kubwa yenye vibao kama vya piano. Mwaka 1946 alimchorea fundi bati lenye migongo la kuvaliwa kifuani kama fulana, ndugu yake Cleveland akawa analikwaruza kwa vifungulio vya chupa. Nimelisikia bati la namna hiyo likipigwa ukumbini Jumamosi usiku. Miguu haikuulizi ruhusa.

Hapa lazima niseme nani ni nani, ingawa wenyewe hawajakubaliana. Wakajuni, Wazungu wa huko wenye asili ya Kifaransa, ni uzao wa Waakadia, Wafaransa waliolima pwani ya Kanada ambayo leo ni Nova Scotia. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza, wakawapakia merikebuni na kuwatawanya. Baadhi walifika Louisiana katika miaka ya 1760, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa. Acadien ikakatwa kichwa ikawa Cadien, na wasemao Kiingereza wakaitamka Kajuni. Kreoli hapo mwanzo alikuwa mtu yeyote aliyezaliwa kolonini, mweupe au mweusi. Leo, upande ule niliokaa mimi, ukisema Mkreoli watu wengi watafikiria mtu mweusi ambaye wazee wake walisema Kifaransa. Ukitaka kuona familia ikigombana mezani, uliza Mkreoli halisi ni yupi. Mimi niliyesikia watu wa Mombasa wakibishana usiku kucha juu ya Mswahili ni nani, nilinyamaza nikala.

Nirudi kwa Maw-Maw. Siku ambazo akili ilimrudia alinisimulia shule. Aliingia darasani na miaka sita bila neno moja la Kiingereza. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikuwa imeagiza masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na walimu wakaitafsiri kwa fimbo. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kifaransa. Hakupewa. Akajikojolea mbele ya darasa zima, kisha akaandikishwa mara mia kwamba hatasema tena Kifaransa shuleni.

Nikamwambia, "Maw-Maw, sisi tulikuwa na monto." Monto kwetu ilikuwa kibao kilichofungwa kamba. Ukikamatwa unasema Kikuyu, unavishwa shingoni, nawe unakaa ukimvizia mwenzako aponyokwe na neno ili umkabidhi. Atakayekutwa nacho jioni analambwa viboko. Hata Kiswahili tuliruhusiwa Ijumaa tu. Nilipomaliza alinishika mkono, akasema "sha", neno lao la kumwita mpenzi, mtoto, jirani, mtu yeyote anayestahili huruma.

Wanawe hakuwafundisha Kifaransa. Hakutaka wapate aibu aliyoipata. Kwa hiyo walipokuja kumwona, watu wazima wenye wajukuu, ilibidi wamwite yule mzee wa usafi awatafsirie mama yao. Nimeshuhudia hilo si mara moja. Mwaka 1968 jimbo liliunda baraza la kukirudisha Kifaransa mashuleni, na zipo shule sasa zinazofundisha kwa lugha hiyo, lakini kwa nyumba ile gari lilikuwa limeshapita.

Binti yake mkubwa ndiye aliyenifundisha kupika gumbo. Unaanza na unga wa ngano na mafuta, sawa kwa sawa, unakoroga kwa mwiko bila kuondoka. Simu ikilia, iache ilie. Baada ya kama dakika arobaini unga unakuwa na rangi ya udongo wa Murang'a mvua ikinyesha. Ukiona punje moja nyeusi umeunguza, mwaga uanze upya. Ndipo unatia vitunguu, pilipili hoho na seleri, ambavyo kwa ucha Mungu wao wamevibatiza Utatu Mtakatifu. Kisha supu, kuku au kamba na kaa. Wali unapikwa kando. Nyanya usitie. New Orleans wako wanaotia, na yule binti aliwazungumzia kama tunavyowazungumzia wanaotia sukari kwenye githeri.

Na bamia. Mimi bamia nilikuwa siijui; kwetu ilikuwa mboga ya Wahindi na ya watu wa pwani. Nikamuuliza kwa nini chakula kinaitwa gumbo. Akanyanyua bamia moja: "Hii ndiyo gumbo." Neno hilo lilivuka bahari na watumwa, huko Angola bamia ni kingombo. Mtu wa Kiswahili, au wa Kikuyu, hahitaji mwalimu wa kumwambia hiyo ki- imetoka wapi. Wapo wanaoshikilia kwamba gumbo linatokana na neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa huko, la majani ya mti wa sasafrasi, ambayo kweli husagwa na kunyunyizwa juu ya mchuzi. Waendelee. Mimi nimechagua upande, na sababu yangu ni ya kinafsi. Sisi tuliobaki huku tukiwa huru na midomo yetu tunaiita mboga hiyo bamia, kwa Kiarabu. Waliofungwa minyororo ndio waliobaki na jina la Kibantu, na Marekani nzima leo inalitamka bila kujua.

Tangu hapo nikawa naona kwetu kila mahali, hata pasipo na sababu. Jambalaya yao ni pilau, usinibishie. Mama wa Kikreoli wa New Orleans zamani walitembeza mitaani calas, maandazi ya wali yanayokaangwa moto moto, na nilipoyala nilisema ni vitumbua hivi, vimekosa nazi tu. Lakini kamba wale wekundu wa matopeni, wanaofugwa kwenye mashamba ya mpunga na kuchemshwa kwa magunia wakati wa Kwaresima, hao si mfano. Ni ndugu kwa damu. Aina hiyo hiyo ilipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na imo mpaka leo. Nilipowaambia wenzangu kazini hawakuniamini, mpaka nikawaonyesha picha.

Maw-Maw alifariki kabla sijarudi. Nilipofungasha nilichukua santuri chache zilizonakiliwa kwenye simu, zikiwemo za mwaka 1929 za Amédé Ardoin na Dennis McGee, kodiani na fidla, mweusi na mweupe katika rekodi moja, wakati ambapo walikuwa hawaruhusiwi kula meza moja. Wanamuziki waliomfahamu Ardoin husimulia kwamba mwanamke Mzungu alimpa kitambaa afute jasho, na usiku huo wanaume wakamvizia wakampiga hadi akaharibika akili. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville mwaka 1942. Kuimba kwake ni kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Desemba nilimpikia baba gumbo nyumbani. Bamia alizichezea kwa kijiko, akauliza kama ni mrenda. Nikaweka muziki ili asikazanie chakula. Baba alikuwa mchezaji wa mwomboko ujanani, na mwomboko, kwa asiyeujua, ni dansi ya Wakikuyu ya kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Wakajuni nao wana pembetatu ya chuma, zamani ilikunjwa kutoka meno ya reki ya nyasi. Katika nyimbo zile za Ardoin haimo. Baba alisikiliza mmoja mpaka mwisho, kisha akaomba urudiwe. Mara ya pili alichukua kijiko chake na kifuniko cha sufuria, akaanza kugonga pale pale chuma kilipopaswa kuwa.

"Huyu," akaniuliza, "ni Mkikuyu wa wapi?"