Maswali yenu ya wiki: ngao, ngozi ya jiwe na nyinyi msiosoma sheria

Haya jamani, meseji zenu nimezipitia na kama kawaida karibu zote ni kinga, kinga, kinga, mtu hataki kuguswa. Nnaongelea ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, Mutants & Masterminds toleo la 3, lile la 2011, levo 10 (kipimo cha nguvu za shujaa) na pointi 150 za kumnunulia uwezo, msinichanganyie na jengine.

Shujaa wangu ana ugumu 10, adui kanipiga pigo la 10. Si tuko sare, mbona gemu masta, anayeendesha mchezo, ananiambia nimeumia? (Chake Chake)

Yakhe, swali hili nshalijibu mpaka ulimi umeota sugu. Ugumu si tangi la damu linalopungua wala si ukuta. Unarusha dadu ya sura 20, unajumlisha ugumu wako, na unachokitafuta ni 15 jumlisha pigo, kwa hiyo hapo 25. Dadu ikitoa 15 kwenda juu hujaguswa. Ikitoa 10 mpaka 14 unabeba alama moja ya kutoa, yaani kila pigo linalofata unapunguziwa 1. 5 mpaka 9, alama hiyohiyo na juu yake kizunguzungu, zamu inayofata unafanya kitendo kimoja tu. 4 kushuka chini unayumba, na ukiyumbishwa mara ya pili wakati ya kwanza bado unayo, ndo ushalala. Sasa hesabu mwenyewe, kwenye sura 20 sita tu ndo zinakuokoa mzima mzima. Zile alama moja moja ndo zinaua watu, mtu anacheka mwanzo "ah moja tu" halafu raundi ya nne ana tano mgongoni anaanza kumlaumu gemu masta.

Naweza kuweka ugumu 16 na kukwepa 10?

Hapana. Ukivijumlisha hivyo viwili mwisho 20.

Na kupangua nako kuna hesabu yake na ugumu, mwisho 20 vilevile, maana najua wiki ijayo ungeuliza.

Nimenunua kinga isiyopenyeka renki (yaani kiwango) 10. Bomu la renki 10 si halinifanyi kitu?

Linakufanya. Umesoma toleo la 2 wewe, huko ndo ilikuwa renki nzima. Humu ni nusu, kwa hiyo 10 yako inapuuza pigo la 5 kushuka, bastola na bunduki za walinzi wa bandarini zinadunda tu, lakini jitu la levo yako linakupiga kama mwengine yeyote. Pointi 10 ili usiogope askari wa kawaida, mie naona ghali.

Ngozi ngumu ya kuzaliwa au ngao ya nishati, ipi bora? (Wete)

Bei moja. Ngozi ipo hata umelala. Ngao unaishikilia mwenyewe kila zamu, ukizimia au ukiganda kabisa inaondoka na wewe, lakini ukijikamua unaweza kuipandisha kwa muda na ngozi huwezi. Mie ngao. Mwenye ngozi ananenepa kichwa.

Nikinunua kutodhurika na kila pigo la mwili, kuna ubaya?

Inauzwa, ni pointi 80 kati ya 150, sheria haikukatazi. Mie kwenye meza yangu nakukataza. Wenzako wanne wanatoka jasho wewe umekaa kama mkwe.

Halafu haikulindi na mashambulizi ya akili. Ramadhani moja, baada ya tarawehe, tulikuwa barazani tunacheza, kijana kaja na mtu wake wa jiwe la matumbawe, ugumu 15, kukwepa 5, nguvu ya nia, ile kinga ya akili, 2. Mbili! Anatamba hajazaliwa wa kumuangusha. Nkamletea kibwengo kutoka baharini, hana ngumi wala nini, uchawi wa akili renki 10 tu. Huo unapimwa kwa 10 jumlisha renki, anatafuta 20, dadu ikatoa 4, jumla 6, kashindwa vibaya mno mpaka kibwengo kamtia hatamu. Raundi mbili lile jiwe linawatwanga wenzake mwenyewe, kahawa ikamwagika kwa kicheko. Uimara wa mwili na nia vina 20 yao mbali, haviibi kwenye ugumu hata chembe, sasa mbona mnaviacha uchi?

Nimezungukwa na sina ngao, nifanyeje?

Tumia zamu yako kujilinda. Dadu inashindana na ya mshambuliaji, na ikitoa 10 au chini unaongezewa 10. Hakuna anayeitumia kwa sababu kila mtu anataka kupiga.

Dadu ya sura 20 sina, huku Mkoani haziuzwi.

Programu ya simu, au vikaratasi 20 ndani ya kofia. Ila ukishachomoa rudisha ukoroge, kuna mtu alikuwa anaziweka namba ndogo chini ya goti, na sote tulimuona.