Gari la turbo limepoteza nguvu? Anzia kwenye mipira ya hewa, kompyuta iwe ya mwisho

Gari la turbo likianza kuchoka, wengi hukimbilia mawili: kununua turbo nyingine, au kumtafuta mtu wa kompyuta aongeze presha. Yote mawili ni mapema mno. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa safi kwenda kwenye injini. Shafti hiyo huvuka mizunguko 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo ukikosa nguvu, hakikisha mambo matatu kabla ya kulaumu turbo yenyewe: hewa haivuji, oili inafika na kurudi, na valvu inayodhibiti presha inafanya kazi.

Hewa ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote na ndiyo rahisi kuitibu. Mpira unaotoka turbo kwenda intakula (kipozeo cha hewa iliyobanwa na turbo) ukipasuka kidogo upande wa chini, huoni kitu gari likiwa limezimwa. Ufa unafunguka presha ikiingia tu. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa karibu na fulta, hewa imeshapimwa kabla ya kutoroka, hivyo kompyuta inatoa petroli ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda. Utaona moshi mweusi ukikanyaga mafuta, na plagi zitatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Mara nyingi kodi ya hitilafu P0299 kwenye kompyuta ya gari, yaani presha pungufu, nayo itatokea. Na hata gari likiendelea kutembea, turbo inazungushwa zaidi ili kufidia hewa inayopotea, jambo linalofupisha maisha yake.

Kupima uvujaji, chomoa mpira wa fulta kwenye mdomo wa turbo, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Chukua kipande cha bomba la plastiki kinachoenea hapo, kizibe upande mmoja na ukifunge valvu ya tairi, kisha ukikaze kwa mpira na klempu. Kabla ya kujaza upepo, ziba mpira wa pumuo la injini unaoungana na njia ya hewa. Ukiusahau, presha inaingia kwenye krenki (sehemu ya chini ya injini) na kusukuma sili za oili nje. Anza na baa 0.3 (baa ni kipimo cha presha) na upande taratibu, bila kuzidi presha ambayo injini hiyo hufanyia kazi kawaida. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila klempu, kwenye mikunjo ya mipira, kwenye pembe za intakula pale plastiki inapokutana na alumini, na kwenye oringi za nozeli. Utasikia hewa kidogo ikipita ndani ya injini. Hiyo ni ya kawaida, maana kuna silinda yenye valvu wazi. Inayokuhusu ni inayotoa mapovu nje.

Mpira ukiwa na oili ndani hautashika hata ukikaza klempu mpaka mwisho. Ufute vizuri pamoja na mdomo wa bomba, ukauke, ndipo ukaze. Utando wa oili ndani ya mipira si tatizo, lakini dimbwi ndani ya intakula ni tatizo.

Presha ikizidi badala ya kupungua, kodi ni P0234, na mahali pa kutazama ni westigeti, yaani ile valvu inayodhibiti presha, na kimpira kidogo kinachoipelekea presha. Kimpira hicho kikipasuka au kuchomoka, westigeti haifunguki na presha inapanda bila breki. Injini ya petroli inaweza kutoboa pistoni kwa kosa hilo tu. Unga pampu ya mkono yenye geji kwenye akchueta, kifaa chenye fimbo kinachofungua westigeti: fimbo inapaswa kusogea bila kukwama, na sindano ya geji ibaki ilipo. Ikishuka, ngozi ya ndani imepasuka. Kwenye dizeli nyingi zenye turbo ya mapezi yanayobadilika, akchueta hutumia uvutaji wa hewa badala ya presha, na adui ni masizi yanayogandisha mapezi. Dalili yake ni gari kuzuia nguvu kwenye mlima mrefu, kisha kurudi sawa ukilizima na kuliwasha tena.

Moshi wa bluu haumaanishi moja kwa moja kwamba turbo imekufa. Oili hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa kushuka yenyewe, bila pampu. Bomba la kurudishia likikunjwa, likiziba, au ringi za pistoni zikichoka na kujaza presha kwenye krenki, oili inakosa pa kwenda na inapita kwenye sili. Shika ncha ya shafti: mbele na nyuma usihisi mchezo wowote. Kando kwa kando mchezo mdogo unaruhusiwa, mradi mapezi hayagusi ukuta.

Ukilazimika kufunga mpya, badilisha bomba la kuletea oili au lisafishe hadi liwe wazi kabisa, na usipake silikoni kwenye viungo vya oili. Kipande kidogo kikikatika kinaziba tundu la kuletea oili, na turbo mpya haitadumu. Mimina oili safi kwenye tundu hilo, zungusha shafti kwa kidole, kisha piga stata injini ikiwa imekatiwa petroli mpaka taa ya oili izime.

Sasa ndipo kuongeza nguvu kunakuwa na maana. Pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda, kwanza: silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, usiguse presha. Weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja na upunguze mwanya uwe milimita 0.6 hadi 0.7, kwa sababu cheche hushindwa kuruka hewa ikibanwa. Kukatakata kwa injini kwenye presha kubwa mara nyingi ni hapo tu. Presha ya petroli nayo ipande sambamba na ya turbo: msingi wa baa 3 unakuwa baa 4 turbo ikitoa baa 1. Ikibaki 3, pampu au regyuleta haitoshi.

Ongeza baa 0.1 kila mara, huku sensa ya oksijeni ya masafa mapana ikisoma mchanganyiko. Ukikanyaga hadi mwisho, petroli nyingi hutaka kilo 11.5 hadi 12 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikipanda kuelekea 13 ukiwa kwenye presha, achia mafuta hapohapo. Ukisikia injini inagonga, rudisha nyuma muda wa cheche au shusha presha, na usiendelee kwa matumaini kwamba itazoea. Nozeli zikibaki wazi kwa zaidi ya asilimia 85 ya muda, zimefika kikomo chao, na hatua inayofuata ni nozeli kubwa zaidi.

Baada ya kuendesha kwa nguvu, acha injini iungurume kama dakika moja kabla ya kuzima, ili oili isiungue kuwa makaa kwenye beringi zenye joto.