Bolti za nondo na njia ya kupanda jabali kwa wanaoanza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sisi ni waongoza watalii Lushoto. Tuna ukuta wa jabali wa mita 75 hivi, umelala kidogo na una vishikio vingi. Tunataka kuweka njia ya wanaoanza, vipande viwili virefu. Fundi chuma wa Tanga mjini atatutengenezea bolti za nondo. Tuzipige kila baada ya mita ngapi?

JIBU: Nzuri, ndugu zangu. Bolti za nondo, hapana. Nondo huoza ndani ya tundu msipopaona, na ile welding hakuna aliyeipima. Tafuteni bolti za kutanuka za stenlesi daraja la 316, unene milimita 10, urefu 80 au zaidi, na vibamba vyake vya kunasia kamba, vya stenlesi hiyohiyo, vyenye alama ya EN 959, kiwango cha Ulaya cha nanga za kupandia majabali. Msichanganye na vya zinki, vitaliwa na kutu mapema. Mkija kutamani majabali ya matumbawe huku pwani, hata 316 haifai: chumvi na joto huipasua bila dalili. Huko ni titani ya kugandishwa kwa gundi.

Vipande viwili navyo vivunjeni, fanyeni vitatu vya mita 25. Kamba ya mita 60 ikikunjwa katikati inashusha mita 30 tu, na anayeanza lazima aweze kurudi chini kutoka kituo chochote, yaani pale kila kipande kinapoishia na watu kujifunga. Halafu kuna mvutiko. Kamba ya kupandia inaruhusiwa kurefuka hadi asilimia 10 ikibeba kilo 80. Kipande kikiwa cha mita 38, anayefuata, yaani anayepanda wa pili akivutiwa kamba kutoka juu, akiteleza hatua ya kwanza juu ya kibaraza anaweza kushuka mita tatu na ushei kabla kamba haijamshika, yaani kifundo cha mguu kinatangulia. Na kwa mita 25 mnasikizana hata upepo ukivuma.

Kila kituo kiwe na bolti mbili, sentimita 20 hadi 30 kati yake, mahali watu watatu wanapoweza kusimama, pembeni kidogo ya njia ili jiwe likidondoka lisiwaangukie. Bolti inayofuata iwe mita moja tu juu ya kituo. Bila hiyo, anayeongoza, yaani anayetangulia kupanda na kamba, akianguka uzito wote unakuja kwenye kituo chenyewe. Baada ya hapo mita mbili na nusu hadi tatu zatosha, ila juu ya kibaraza zikaribieni zaidi. Pale njia inapokwenda upande, pigeni moja kabla ya hatua ngumu na nyingine baada yake. Wengi huisahau hiyo ya pili, na anayefuata ndiye anayebembea.

Kabla ya drili, shukeni kutoka juu mkigonga kwa nyundo. Mlio wa debe tupu maana yake jiwe limeachia, msitoboe hapo. Tundu liwe pembe ya digrii 90 na uso wa jiwe, sentimita 15 au zaidi kutoka ukingoni. Pulizeni vumbi, piga brashi, pulizeni tena. Nati ikazwe kwa spana ya kupima, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Kukaza kwa hasira hukata bolti.

Alama za chaki za mahali pa bolti ziwekeni kwanza, kisha mpandisheni mtu mfupi kuliko wote akiwa na kamba iliyofungwa juu. Asipofikia alama akiwa amesimama imara, ishusheni.