Mashine ya babu imechubuka, niichovye nikeli upya?

SWALI: Nimerithi mashine ya kunyolea ya babu, Gillette Super Speed ya Marekani, chini ya kichwa ina alama D3. Imechubuka mpaka njano inaonekana, niikwangue, au niipeleke kwa fundi aichovye nikeli upya?

JIBU: Wee usikwangue! Hiyo njano ni shaba yenyewe, nikeli ya juu ndo imeisha. D3 maana yake imetengenezwa robo ya tatu ya 1958. Kwanza ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini upite kwenye vile vimilango viwili vya kichwani vinavyofunguka kuweka wembe, maana sabuni imeganda humo miaka na miaka, siki achana nayo. Ukitaka kuichovya, fundi atoe nikeli ya zamani yote kwanza, ila asisugue sana, kingo zikilika wembe haukai sawa na kidevu ndo kitajua. Mi ningeiacha hivohivo, si inanyoa?