Pilipili mbuzi kwenye baridi ya Limuru

Dada yangu, umesema mbegu za pilipili mbuzi ulizotoka nazo Malindi umezipanda nje huko Limuru, wiki tatu sasa na hazijachomoza. Usizifukue, lakini sia nyingine ndani. Pilipili huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Huku kwetu jua linatufanyia kazi hiyo bure; kwa kipupwe cha Limuru udongo ni baridi mno. Tumia kopo lililotobolewa chini, uliweke karibu na jiko, na uwe na subira, maana pilipili mbuzi ni nzito kuota hata hapa pwani.

Miche ikifikisha majani sita, itoe nje mchana, jioni irudishe, siku kama kumi hivi. Kisha ihamishie kwenye ndoo nyeusi mbele ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwani ukuta hutunza joto hadi usiku. Usiku wenye baridi kali hupukutisha maua, basi funika kwa nailoni. Na maji kidogo tu, tafadhali! Mizizi ikikaa kwenye baridi na majimaji huoza.