Barua kwa mwanangu anayeenda Iceland mwezi wa pili

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, ati wewe na wenzako wa chuo hapo Ujerumani mnakodi gari mzunguke Iceland mwisho wa mwezi wa pili, sasa wataka kujua ubebe dawa gani na kama hiyo pumu yako itaiweza baridi. Hapo umemuuliza mwenyewe, maana unajua kazini walinipeleka Reykjavik ile kozi ya jotoardhi ya miezi sita ambayo mainjinia wengi wa mitambo yetu ya jotoardhi ya Olkaria wamepitia, na wikendi tulikuwa hatukai nyumbani.

Dawa tumalize haraka. Malaria hakuna, nyoka hakuna, maji ya bomba ya baridi unakunywa hivyo hivyo bila kuchemsha. Ya moto usinywe, yananuka salfa ile ile ya Olkaria uliyokua nayo, halafu yanaunguza kweli, ukiingia bafuni fungulia ya baridi kwanza. Inhela beba mbili, moja ikae mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu kopo likishika baridi dawa haitoki vizuri, na nje jifunge skafu mdomoni na puani. Kitu ambacho hukuuliza ni bima: hiyo kadi ya bima ya Ulaya wenzako Wajerumani wataitumia Iceland bila shida, lakini sisi wa paspoti ya Kenya huko hatuhesabiwi hata kama tunalipa bima Ujerumani, kwa hivyo nunua bima ya safari, wacha wakucheke.

Baridi yenyewe ina nguo. Reykjavik mwezi huo inacheza hapo karibu na sifuri, pengine hapo ulipo ni kubaya zaidi. Sufu ndani, koti la kuzuia mvua na upepo juu, boshori, glavu, na jinzi uziache, zikilowa hazikauki. Barafu ya njiani ndiyo inavunja watu mikono, nunua vile vyuma vya kuvalisha viatu.

Sasa upepo. Upepo wa huko usiufananishe na kitu chochote cha Naivasha. Mwenzetu mmoja alifungua mlango wa gari akiwa ameupa upepo mgongo, mlango ukamtoka mkononi ukalala mpaka mbele kwa boneti, bawaba zimepinda, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliong'olewa na upepo. Egesha pua ya gari ikiangalia upepo unakotoka, mlango ushike kwa mikono miwili, mshuke mmoja mmoja. Kila asubuhi kabla hamjatoka fungueni vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa barabara, mkiona onyo la rangi ya chungwa au nyekundu mlale hapo hapo hata kama hoteli ya mbele mmeshalipia. Nje ya mji mwendo mwisho ni kilomita 90 kwa saa kwa lami na 80 kwa changarawe, lakini kwa barafu hiyo 90 ni ya wendawazimu. Madaraja mengi ni ya gari moja, aliyefika karibu kwanza ndiye anapita. Na usiku zile taa za angani za kaskazini (aurora) zikitokea dereva asisimame katikati ya barabara kupiga picha, tafuteni pa kuegesha.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiki. Sisi tumezoea mahali pakiwa na hatari kuna askari na firimbi, atakufukuza. Huko hakuna. Utakuta kamba nyembamba imefika magotini, kibao kimoja, basi, mengine wanakuachia akili yako. Pale Strokkur, ile chemchemi ya moto, maji yanaruka kila baada ya dakika chache, na yale yanayotiririka ardhini yanachemka, kamba ni hiyo tu. Ardhi yenye tope la kijivu linalotokota juu ni ganda, chini ni uji wa moto, mguu ukizama ngozi inabaki kwenye soksi. Usiiruke kamba hata kama Wazungu kumi wameiruka mbele yako.

Na Reynisfjara, ule ufuo mweusi karibu na Vík, sitaki kusikia umeupa mgongo bahari. Mawimbi yanakuja madogo madogo mpaka unazoea, halafu linakuja moja linapanda mchanga wote mpaka kwenye zile nguzo za mawe, linakuangusha, linarudi nawe, na maji ya baridi vile hayakupi muda. Watalii wamekufa pale, zaidi ya mmoja. Kuna taa ya onyo, ikiwa nyekundu picha mpige kutoka juu.

Kwenye mabwawa ya kuogelea lazima uoge uchi kwa sabuni kabla ya kuingia, wanawake kivyao, hakuna anayekuangalia, zoea tu. Blue Lagoon, lile bwawa la maji moto, usiloweshe nywele, ile silika, madini yaliyo kwenye maji yake, inazifanya ngumu kama makuti, na mamako anasema umesuka juzi. Ila pale ni jirani na Grindavík, mji uliohamishwa watu Novemba 2023 kwa ajili ya volkano, angalia kwanza kama pamefunguliwa.

Namba ya dharura ni 112, wana na app yao inayotuma mahali ulipo, iweke kwenye simu kabla hujapanda ndege. Na ile ratiba yenu muiandikishe safetravel.is, kopi nitumie mimi, mamako usimtumie, atakesha.

Babako