Maswali na Majibu: Kupanga safari ya vijiji vya wachoraji na mahekalu ya Odisha, India

Swali: Mimi na mume wangu tuna siku nane tu. Wakala ametupangia Delhi, Agra, Jaipur, Khajuraho na kijiji cha wachoraji huko Bihar. Je, ratiba hii inafaa? (Msomaji, Arusha)

Dada yangu, India ni kubwa mno kwa ratiba ya namna hiyo, na sehemu nzuri ya siku zenu itaishia barabarani na kwenye viwanja vya ndege. Ningewashauri mchague jimbo moja, na kwa mtu anayependa sanaa ya jadi pamoja na mahekalu, chaguo langu ni Odisha, lililoko mashariki mwa India kando ya Ghuba ya Bengal. Mtapita Delhi au Mumbai, kisha mtaunganisha ndege hadi Bhubaneswar. Mkilala hapo siku mbili, hamieni Puri, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita 60 hivi, na siku zote zilizobaki mzunguke kutokea hapo. Kijiji cha wachoraji cha Raghurajpur hakifiki mwendo wa saa moja kwa gari au bajaji, na hekalu la Konark liko kilomita 35 hivi kwa barabara ya pwani. Njiani kati ya Bhubaneswar na Puri mtapita Pipili, ambako mafundi hushona vitambaa vya rangi kali kuwa miavuli na mapaa ya kutumika katika ibada.

Urahisi wa njia si sababu yangu kuu. Odisha naipenda kwa sababu huko hekalu na kijiji bado ni kazi moja. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya magari ya miungu, ambapo sanamu hukokotwa barabarani juu ya magari ya mbao, sanamu za mungu Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa nje ya hekalu la Puri na kuogeshwa hadharani. Waumini husema kwamba miungu huugua baada ya kuoga, kwa hiyo hufichwa kwa muda wa kama siku kumi na tano, na katika siku hizo ibada hufanyika mbele ya picha zilizochorwa juu ya kitambaa. Uchoraji uitwao pattachitra, ambao ndio riziki ya Raghurajpur, umekua katika utumishi huo wa hekalu. Ndiyo maana nawasihi mvione vyote viwili katika safari moja.

Swali: Sisi ni Waislamu, na mke wangu huvaa hijabu. Je, tutaruhusiwa kuingia mahekaluni? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, inategemea hekalu. Hekalu la Jagannath la Puri haliruhusu asiye Mhindu kuingia, na sharti hilo hufuatwa kwa ukali: mwaka 1984 hata Indira Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu, alizuiwa kwa sababu mumewe alikuwa Mparsi, yaani mtu wa jamii ya dini ya Zoroasta, si Mhindu. Hekalu la Lingaraja mjini Bhubaneswar nalo lina sharti hilohilo. Msibishane na walinzi, wala msikubali mtu awaambie kwamba kuna njia ya mkato kwa malipo kidogo. Tazameni mnara kutoka nje, mtembee katika barabara pana iliyo mbele ya Lango la Simba la hekalu la Puri, na hapo mtaona mengi ya maisha ya mahujaji.

Yapo mahekalu yanayopokea watu wote. Mukteshvara ya karne ya 10, yenye lango la upinde wa mawe lililochongwa kwa ustadi mkubwa, ni dogo na linafaa kutazamwa polepole asubuhi. Rajarani la karne ya 11 halina sanamu inayoabudiwa ndani yake, hivyo mgeni hana wasiwasi wa kukatiza ibada ya mtu. Konark, lililojengwa katika karne ya 13 na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, limeumbwa kama gari la mungu Jua, lenye magurudumu 24 na farasi saba, na liko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1984. Mnara wake mkuu ulikwisha anguka, na ukumbi uliobaki ulijazwa mchanga mwanzoni mwa karne ya 20 ili usiporomoke, kwa hiyo watu hutazama kwa nje. Simameni mbele ya gurudumu moja, ambalo limezidi kimo cha mtu, na mfuate kwa macho michoro ya spoku zake. Hilo litawanufaisha kuliko kuyapiga picha yote 24 kwa haraka.

Kuhusu mavazi, yanayositiri mabega na magoti yanatosha, na hijabu si tatizo. Viatu huvuliwa, na mikanda au mikoba ya ngozi ni heri ibaki hotelini.

Swali: Nitajuaje kama picha ninayouziwa imechorwa kwa mkono? Na je, ni adabu kupatana bei? (Msomaji, Zanzibar)

Njia bora ni kukaa katika nyumba moja ya Raghurajpur na kuomba uonyeshwe kazi tangu mwanzo. Nyumba zimepangwa kwa safu zinazotazamana, kuta zake zimechorwa, na karibu kila familia ina mtu anayeshika brashi. Vitambaa vya pamba hugandishwa pamoja kwa gundi ya kokwa za ukwaju, vikaanikwa, vikapakwa unga wa chokaa uliochanganywa na gundi, kisha vikasuguliwa kwa mawe hadi uso uwe laini kama ngozi. Nyeupe hutoka katika kome wa baharini waliosagwa, nyeusi katika masizi ya taa, nyekundu na njano katika mawe ya madini. Mchoraji huanza na pambo la ukingoni na humaliza kwa mistari myembamba myeusi inayoyapa macho uhai.

Ukishaona hayo, mkono wako wenyewe utakusaidia. Kitambaa cha kweli ni kikavu na kigumu kidogo, na ukikigeuza utaona nyuzi zake. Picha zinazochorwa juu ya majani ya mvumo huchanjwa kwa kalamu ya chuma kabla ya kupakwa weusi, kwa hiyo ukipitisha kidole utahisi mistari. Wachoraji wengine siku hizi hutumia rangi za dukani; uliza, na bei iendane na jibu.

Kupatana si kosa, lakini uliza kwanza kazi ilichukua muda gani. Picha iliyomgharimu mtu wiki kadhaa za kuinama haistahili kukatwa bei hadi nusu kwa mazoea ya sokoni. Beba rupia taslimu, na usimwache dereva akuchagulie nyumba, kwa kuwa huenda analipwa kamisheni.

Swali: Ni miezi gani inafaa, na ni nyaraka zipi zinahitajika? (Msomaji, Kampala)

Novemba hadi Februari. Tamasha la ngoma la Konark hufanyika mwanzoni mwa Desemba. Mei huwa na joto kali na hatari ya vimbunga. Kimbunga Fani cha Mei 2019 kilipiga karibu na Puri na kuharibu kazi nyingi za Raghurajpur. Sikukuu ya magari huwa Juni au Julai, na ndiyo nafasi ya asiye Mhindu kumwona Jagannath, kwa kuwa miungu hutoka barabarani mbele ya watu wote, ila msongamano wake ni mkubwa sana.

Viza ya kielektroniki iombwe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India pekee. Anayetoka Uganda au Kenya lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku kumi au zaidi kabla ya kuwasili. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini.

Swali: Ninafundisha ngoma na ningependa kuwapeleka wanafunzi wangu. Wataona nini? (Mwalimu, Nairobi)

Mwalimu, Raghurajpur itawafaa sana, kwa kuwa ndipo alipozaliwa Kelucharan Mohapatra, mmoja wa walimu wakuu waliojenga upya Odissi, ngoma ya jadi ya Odisha, katika karne ya 20. Kijijini bado hufunzwa Gotipua, ngoma ya wavulana wanaocheza wakiwa wamevalia kama wasichana, yenye mikunjo ya mwili inayohitaji miaka ya mazoezi tangu utotoni. Wasiliana na shule ya ngoma mapema, uombe kuhudhuria mazoezi badala ya onyesho la watalii peke yake. Wanafunzi wako wavue viatu, wakae chini, waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na mchango wenu mumkabidhi mkuu wa shule badala ya kumpa mtoto mmoja mmoja.